Leseni ya karatasi, kempa, na safari ya Santa Fe

Kutoka: Baba Nuru

Wanajumuiya, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Leo nimetoka DMV, ofisi ya leseni za udereva ya hapa mjini, mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Leseni yangu iliisha tarehe moja na grinikadi. I-90, fomu ya kuomba kadi mpya, niliituma mapema, I-797, barua yao ya kuipokea, ninayo mkononi, imeandikwa wazi kwamba kadi imeongezewa muda. Mama wa dirisha la nne akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole kama nimempa noti bandia. Akaingiza namba kwenye SAVE, mfumo wa serikali wa kuhakiki makaratasi ya wahamiaji, ukamjibu asubiri. Basi akachukua leseni yangu ya zamani, akaitoboa tundu kwenye kona, trak!, akanipa karatasi ya siku 30 isiyo na picha, akaita namba ya mtu mwingine.

Ijumaa ijayo tunaondoka. Wanaonijua wanajua habari ya kempa, lile gari-nyumba letu: futi 24, ya mwaka 1999, matairi yote sita nimebadilisha, paa nimeziba kwa mkono wangu. Tunakwenda Santa Fe, New Mexico, kwa rafiki zetu tuliosoma nao Mzumbe, hatujaonana miaka 11. Likizo ya mke wangu haisogezeki.

Swali langu ni moja tu: hii karatasi isiyo na picha, polisi wakinisimamisha Texas au New Mexico, wanaitambua?

Kutoka: Bi Mkunazini

Pole sana kaka yangu. Hayo ya kutobolewa leseni yamenikuta mimi 2019, tena mimi nilikuwa kwenye EAD, kibali cha kazi, si grinikadi, kwa hiyo mara mbili yake. SAVE ilikaa na jina langu miezi minne. Miezi minne! Nikawa napanda basi saa kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni, theluji hii hapa magotini, nafika kazini soksi zimeloa. Kumbe chanzo ni AR-11, fomu ya kubadilisha anwani, nilihama nyumba nikasahau kuijaza ndani ya zile siku 10. Wewe umehama karibuni? Angalia hapo kwanza.

Halafu usirudi ofisi hiyo hiyo. Nenda ya mji mdogo, katikati ya wiki, asubuhi, vaa vizuri. Mimi nilipokwenda ya pili yule baba alinimalizia kwa dakika kumi na akaniuliza habari za Serengeti.

Kutoka: Msee wa Tulsa

Baba Nuru, hiyo safari ahirisha tu. Kwanza bila kitambulisho cha REAL ID siku hizi hauendi popote. Pili I-797 inaongeza miezi 24, hesabu vizuri isije ikawa imeisha. Tatu, New Mexico kuna vituo vya Border Patrol, polisi wa mpakani, barabarani, wanasimamisha kila gari, mbwa wananusa mpaka friji. Binamu yangu alikalishwa masaa matatu karibu na Las Cruces, na makaratasi yake yalikuwa sawa kabisa.

Kutoka: Dereva Mstaafu

Jamani, tuwe tunaandika tunachokijua. Nimeendesha lori kwenye barabara kuu ya I-40 miaka 19.

REAL ID ni ya kupanda ndege na kuingia majengo ya serikali kuu, tangu Mei 2025. Haihusiani na kushika usukani. Miezi 24 ni habari ya zamani, tangu Septemba 2024 I-90 inaongeza 36. Na Las Cruces iko kusini huko, karibu na mpaka. Vituo viko I-25 kaskazini ya Las Cruces, viko I-10 pale Sierra Blanca, na barabara za Alamogordo. Huyu bwana anapita Amarillo ya Texas anakwenda Santa Fe kwa I-40. Kituo cha uhamiaji atakutana nacho wapi, angani?

Ila grinikadi na I-797 atembee nazo hizo hizo, si kopi. Aliyevuka miaka 18 sheria inamtaka awe nazo mwilini.

Sasa ya maana. Usifike Albuquerque. Ukipanda kutoka huko kwa I-25 utakutana na mlima wa La Bajada, na injini ya 1999 yenye nyumba mgongoni italia. Toka I-40 pale Clines Corners, shika barabara ya 285 kwenda kaskazini, ni jangwa tupu lakini haliumizi gari. Upepo wa kaskazini ya Texas usiudharau, kempa ni tanga la jahazi. Mikono miwili kwenye usukani, na lori likikupita ujue litakuvuta kwanza kisha likusukume.

Kutoka: Msee wa Tulsa

Sawa mzee, sikujua kuna mtihani. Binamu yangu bado alikalishwa.

Kutoka: Papa Uvira

Bandugu, jambo yenu. Sisi tuko Amarillo, familia mingi za Kongo tuko hapa, wengi tunatumika ku kiwanda ya nyama. Baba Nuru asilale ku parking ya duka. Kanisa yetu iko na nafasi kubwa nyuma, na umeme iko. Mama atapika sombe na samaki. Watoto waone zile Cadillac kumi zenye kuzikwa kichwa chini ku shamba, ni bure, mtu anakuja na rangi yake anapaka.

Kutoka: Shangazi Omaha

Jamani Santa Fe! Mmenigusa pabaya. Nilikwenda mwaka juzi kwa soko la sanaa za mikono la Julai, lile la Museum Hill, nikasimama mbele ya vikapu vya Rwanda nikalia kama mjinga.

Lakini si vikapu, ni nyumba. Mji mzima rangi ya udongo. Kuta nene, kona zimeviringwa kama zimepapaswa kwa kiganja, na juu ya kila ukuta ncha za magogo zimechomoza nje. Nikamuuliza mwenyeji yale ni nini, akasema viga. Nikaingia ndani nikatazama juu: magogo yamepangwa mkono kwa mkono, na juu yake vijiti vimelazwa vimebanana. Nikasema mama wee, hizi boriti na fito! Dari la bibi yangu Pangani lile lile, kasoro mikoko tu. Mvua ya jioni ikapiga, ule udongo ukatoa harufu. Sikuweza kula.

Pale uwanjani, mbele ya Ikulu ya Magavana ya tangu 1610, Wahindi Wekundu wenyewe wanakaa barazani, blanketi chini, fedha na feruzi zimepangwa, mgongo ukutani. Hawakuiti, hawakuvuti mkono. Ukitaka utainama. Baraza ya kwetu kabisa, imekosa kahawa na bao tu.

Kutoka: Dereva Mstaafu

Shangazi, soko limehama Museum Hill tangu 2023, liko Railyard. Na zile nyumba za katikati ya mji nyingi ni saruji iliyopakwa rangi ya udongo. Kuna sheria ya 1957 inayolazimisha sura hiyo. Hata gereji ya magari imevalishwa.

Kutoka: Shangazi Omaha

Mimi nilikwenda Railyard ndiyo, jina limenipotea, si kosa la jinai. Na ukuta niliougusa ulikuwa wa udongo, una mabua ndani, niliyaona kwa macho yangu. Wewe uliona mji kupitia kioo cha lori.

Kutoka: Bi Mkunazini

Shangazi umeniliza na mimi. Jengeni basi huko Pangani, mnangoja nini?

Kutoka: Shangazi Omaha

Nijenge kwa pasi gani mwanangu? Nilichukua uraia wa huku 2014, kiwanja cha bibi yangu ni kigeni kwangu. Serikali ya Tanzania inatuambia sisi wenye pasi za nje hadhi maalum, hadhi maalum. Hadhi ni ya mgeni rasmi. Mimi nataka nilichozaliwa nacho.

Kutoka: Msee wa Tulsa

Ndio maana sisi Kenya tulimaliza hiyo story na katiba ya 2010. Pasi mbili, hakuna kelele.

Kutoka: Dereva Mstaafu

Hakuna kelele? Nyinyi? Haya.

Kutoka: Mhariri wa Jumuiya

Wapendwa, siasa za nyumbani zina uzi wake. Hapa tubaki kwenye mada.

Kutoka: Mama wa Feruzi

Mimi ndiye ninayewangoja hapa Santa Fe, shemeji yenu kaniunga jana kwenye orodha. Baba Nuru, kempa usiingie nayo mitaa ya katikati, wala Canyon Road, pale hata gari dogo linakunja vioo. Iache Cerrillos Road, nitawafuata.

Njooni na presha kuka. Tuko zaidi ya mita 2,100, Nairobi yenyewe haifiki 1,800. Maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, maharage unayapika mpaka unasahau kwa nini uliyaweka. Siku mbili za kwanza mtahema mkipanda ngazi, kunyweni maji. Mkiulizwa hotelini nyekundu au kijani, wanauliza pilipili, jibuni Krismasi, mtaletewa zote. Na mke wako aniletee dagaa wa Kigoma, wale wa kukaanga, si wale wa paketi ya Kichina. Watoto nitawapeleka Meow Wolf, ile nyumba unaingia chumba cha pili kwa kupitia friji.

Kutoka: Baba Nuru

Nawashukuru wote. Papa Uvira nitakupigia. Mzee Dereva, Clines Corners nimeandika ukutani kabisa. Sijahama nyumba tangu 2017, kwa hiyo si AR-11.

Ila samahani, narudi pale pale: karatasi isiyo na picha, polisi wa jimbo jingine. Kuna mtu imemtokea?

Kutoka: Bi Mkunazini

Mimi yangu ilikuwa na picha.

Kutoka: Msee wa Tulsa

Si wife aendeshe?

Kutoka: Baba Nuru

Mke wangu ana leseni safi mpaka 2029. Kempa hajawahi kuigusa, anasema inamtisha kurudi nyuma. Jumapili tunakwenda uwanja wa shule kumfundisha.

Kutoka: Mtu wa Tanga

Nimesoma juu juu. Hiyo kempa unaiuza?