Kompyuta imegoma kuwaka, inazunguka kwenye "Automatic Repair" tu. Naombeni msaada kabla sijaharibu zaidi

Mama Pacha
Wakuu, habari za muda huu. Nina kompyuta ya mezani, Windows 10, ya siku nyingi na haijawahi kunisumbua. Tangu jana asubuhi imenigomea. Nikiiwasha nembo inatokea, zile nukta nyeupe zinazunguka, mara skrini inageuka bluu na kile kiuso cha huzuni, kisha inajizima na kujiwasha yenyewe. Ikifanya hivyo mara kadhaa inaandika "Preparing Automatic Repair", inafikiri weee, halafu inasema imeshindwa. Nikibonyeza ianze upya, tunarudi kule kule.

Humo ndani kuna picha za watoto tangu wanazaliwa, na ripoti ya chuo ya mwanangu mkubwa iliyobaki sura moja. Nakala nyingine sina, msinipige mawe. Sijabadilisha chochote wala sijaweka programu mpya. Nianzie wapi?

Chuma Moto
Piga Windows mpya. Tafuta fleshi ya GB 8, ndani ya saa moja umeshasahau. Kuhangaika na hizo ripea ni kupoteza muda.

Mzee wa Bisibisi
Chuma Moto, mtu kasema picha za watoto zimo humo na nakala hana, wewe unamwambia apige Windows mpya?

Mama Pacha, kwa sasa usiguse "Reset", na asije jirani mwenye fleshi mfukoni akakuharakisha. Nijibu mawili. Ukiiwasha, unasikia mlio wa tik tik tik ndani, kama saa ya ukutani? Na ile skrini ya bluu ina maneno gani kwa chini? Najua inapita upesi, irekodi video kwa simu halafu isimamishe hapo.

Mama Pacha
Mlio hakuna, feni tu. Video nimeipata jaribio la nne, imeandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE.

Mzee wa Bisibisi
Sawa. Maana yake Windows inaanza kuamka vizuri, ikifika pa kusoma diski yake yenyewe inaikosa. Ni kama umefungua mlango wa nje kwa ufunguo wako, ukafika chumbani ukakuta kitasa kimebadilishwa. Chanzo kinaweza kuwa sasisho lililokatika katikati, diski inayokata roho, au mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, imevurugika. Mpaka tujue ni kipi, usiendeshe chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Diski mgonjwa ukiikimbiza na chkdsk inaweza kukufia mkononi.

Tutoe picha kwanza. Chomeka diski ya nje. Kwenye ile skrini ya kushindwa ingia Advanced options, kama haipo pitia Troubleshoot, halafu Command Prompt. Itafunguka skrini nyeusi. Andika notepad, bonyeza Enter. Ndiyo, kile kidaftari cha kuandikia. Bonyeza File, kisha Open, na pale chini chagua ionyeshe faili zote badala ya za maandishi peke yake. Hapo umepata dirisha la kutembelea diski nzima. Ingia Users, tafuta folda yenye jina lako, bofya kulia, Copy, nenda kwenye diski ya nje, bofya kulia, Paste.

Mambo mawili yasikutishe. Herufi huwa zinahama huko, C yako inaweza kujiita D, kwa hiyo angalia kilichomo ndani usiangalie herufi. Pia hakuna mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi, dirisha linaganda kabisa kama limekufa. Liache. Taa ya diski ya nje ikiwa inapepesa, mambo yanakwenda.

Kidole Kimoja
Naongezea: ikikuomba namba ndefu ya tarakimu 48, hiyo ni ya BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski. Usibahatishe. Ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu, mara nyingi imehifadhiwa huko. Na notepad ikigoma, tengeneza fleshi ya Ubuntu, mfumo wa bure unaofanya kazi badala ya Windows, kwenye kompyuta nyingine, uwashe kwa hiyo fleshi na uchague kujaribu bila kusakinisha. Utanakili faili kama kawaida.

Mama Pacha
Namba haikuomba. Nimekaa nayo kama saa mbili na nusu, dirisha limeganda kama ulivyosema, mara tatu nusura nichomoe waya. Nimefungua diski ya nje kwenye laptop ya mdogo wangu, picha zipo, ripoti ipo. Machozi yamenitoka jamani.

Sasa nifanyeje, nipige hiyo Windows mpya?

Saa Kumi na Moja
Subiri kwanza. Zima, washa, na papo hapo gongagonga Delete au F2 mpaka uingie BIOS. Soma tarehe na saa tu, rudi utuambie.

Mama Pacha
Inasema ni tarehe 1 Januari 2012. Hii ina maana gani?

Saa Kumi na Moja
Nilitegemea hivyo. Karibuni hii kompyuta iliwahi kukaa imechomolewa ukutani?

Mama Pacha
Mh. Tulipaka rangi chumba, ikakaa stoo siku tisa. Nimeirudisha mezani juzi usiku, jana ndiyo nikaiwasha. Sikuona kama huko ni kubadilisha kitu.

Mzee wa Bisibisi
😂😂 "Sijabadilisha chochote." Miaka yote nasikia sentensi hiyo.

Saa Kumi na Moja
Mzee, mwache mama wa watu.

Iko hivi. Kwenye ubao mama (motherboard) kuna betri bapa kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS umeme usipokuwepo. Waya ukiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, ubao unapata umeme kidogo, kwa hiyo betri inaweza kuchoka bila wewe kugundua. Ulipoipeleka stoo ndipo ikaumbuka. BIOS imesahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani.

Nadhani kilichokuathiri ni namna ya kuongea na diski. Windows yako huenda iliwekwa kwa AHCI, sasa BIOS imerudi kwenye nyingine, dereva iliyotarajiwa, yaani kile kiprogramu cha kuongoza diski, haipati kazi, na ile bluu inatokea. Ile sehemu ya ripea hubeba dereva zake yenyewe, ndiyo maana umeweza kunakili.

Badilisha betri kwanza. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi, sukuma kile kibanio pembeni betri inaruka yenyewe. Mpya iingie upande wa jumlisha ukitazama juu. Kisha ingia BIOS, weka tarehe, tafuta SATA Mode, ndiyo ile namna ya kuongea na diski. Piga picha ilivyo sasa kabla ya kugusa. Ikiwa si AHCI, weka AHCI, bonyeza F10 kuhifadhi. Kingine chochote humo usikiguse.

Mama Pacha
Ilikuwa imeandika IDE. Nimeweka AHCI. IMEWAKA! Hata picha ya mbele ni ile ile. Mwanangu ananiita fundi tangu asubuhi.

Chuma Moto
Hongera. Ila hata Windows mpya ingewaka.

Mzee wa Bisibisi
Ingewaka, ndiyo. Ikiwa tupu.

Mama Pacha, ukipata nafasi weka CrystalDiskInfo uone afya ya diski. Ikiandika "Caution", anza kutafuta nyingine. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, lijue hilo.

Panya Waya
Samahani kuingilia uzi. Yangu inapiga mlio mara tatu, skrini nyeusi kabisa, wala nembo haitoki. Na mimi nibadilishe betri?

Saa Kumi na Moja
Fungua uzi wako mkuu, na uandike ubao wako ni wa kampuni gani, kwa sababu milio inatofautiana. Ila kabla hujafungua, chomoa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka isikike ta! pande zote mbili.

Panya Waya
Imesikika upande mmoja.

Saa Kumi na Moja
Bonyeza na ule wa pili.