Msumeno wa moto: tubaki na wa zamani au tuhamie mpya?

Mwanzisha mada, Wete

Assalam alaykum. Naomba tujadiliane bila ya kutukanana. Kikundi chetu cha wapasua mbao kina pesa ya kununua msumeno wa moto mmoja tu, na tumegawika. Wazee wanataka 070 ya kiwanda cha Stihl, ile ile iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana wanataka MS 661, mpya ya kiwanda hicho hicho. Juu ya hapo imezuka hoja ya pili, na hii ndiyo iliyotuvunjia kikao: wapo wanaosema mtu akienda kuomba kibali cha kukata mti, aulizwe pia ataukata kwa msumeno gani, na msumeno usio na bleki ya cheni usiruhusiwe kabisa.

Mie kwa sasa niko na wazee. 070 ina injini ya ujazo wa cc 106, haina papara. Inazunguka chini ya mara 10,000 kwa dakika, lakini ukiitia kwenye mwembe mzee haisimami. Ikigoma, fundi yeyote wa Vespa anaifungua: plagi, kabureta, ringi, basi. Nani hapa Zanzibar hakukulia nyuma ya Vespa? Tu-stroku, injini ya petroli iliyochanganywa na oili, tunaijua kwa harufu. Hiyo 661 ina ujazo wa cc 91 tu, halafu ina kompyuta inayojipimia mafuta yenyewe. Ikizima Wete, nani ana chombo cha kuichomekea kujua inaumwa nini?

Wa Konde

Umemaliza, yakhe. Mie ninayo ya marehemu baba, imepasua mbao za nyumba tatu za ukoo na bado inawaka kwa mvuto wa pili. Hizo mpya ni za watu wenye duka la vipuri mlangoni. Sisi kipuri kinavuka bahari, kikifika Mkoani tena si chenyewe.

Mkataji wa kutwa, Micheweni

Naomba niwaulize, ami zangu: hiyo 070 mnaishika, au mnaimiliki tu?

Mie nakata kwa kutwa. Msumeno si wangu, mti si wangu, mbao si zangu. Changu ni mikono. Mashine ile ni zaidi ya kilo kumi kabla hujaitia baa, ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni, wala mafuta, na vipini vyake vimefungwa kwenye mwili wake, kila mpigo wa pistoni unakuingia mfupani. Jioni nikishika kikombe cha chai, chai inacheza. Usiku vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi, naamka kuvikung'uta. Na maradhi haya hayakuanza Micheweni. Wakata miti wa Ulaya na Japani walishapata ganzi na vidole vyeupe zamani hizo, ndipo tangu miaka ya 1960 viwanda vikaanza kuweka mipira, na baadaye springi, baina ya injini na vipini.

Sasa bleki. Ncha ya baa ikigusa kitu usichokiona, msumeno unaruka kurudi usoni, na mkono wa mtu hauwahi. Kwenye misumeno mipya kuna ngao mbele ya kipini: ukiruka, ngao inasukumwa na mkono au inajirusha kwa mshindo wenyewe, cheni inasimama papo hapo. Teknolojia hii ipo tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Sisi bado tunajadili.

Mwaka juzi nilikuwa nakata mfenesi ulioangukia banda. Baa ikagusa bati. Nilichokiona ni kofia yangu ya kiua iko chini, ukingo umekatwa kama kwa mkasi, na shavu linawaka moto. Mwenye msumeno alikuja mbio. La kwanza kuuliza lilikuwa kama cheni imekatika.

Fundi, Mjini Unguja

Pole sana kaka wa Micheweni. Nitasema ya mezani kwangu, maana naona pande zote mbili zina maneno ya kusikia.

Kwanza, si kila 661 ina kompyuta. Lipo toleo la kabureta ya kawaida yenye sukurubu za kurekebisha. Ulizeni kabla ya kununua, hapo hoja ya Wete inapungua nusu.

Pili, mafuta. Kwenye tu-stroku ya kizamani, mlango wa ekzosi ukifunguka, sehemu ya mchanganyiko mpya inatoka pamoja na moshi bila kuungua. Ile harufu mnayoipenda ni pesa yenu. 661 inatanguliza hewa tupu kuusukuma moshi nje, mafuta yanafuata nyuma. Kiwanda kinadai inaokoa hadi asilimia 20. Mie si mtu wa kuamini matangazo, lakini hata ukiikubali nusu yake, ukisikia bei mpya za mafuta za ZURA, wadhibiti wetu wa nishati, kila mwezi utaikumbuka.

Tatu, na hapa ndipo mpya zinapofia: kipimo cha oili. Kwa oili ya kiwanda ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Kwa oili nyingine ya tu-stroku kiwanda kinataka 1 kwa 25. Watu wanapima kwa kifuniko cha chupa ya maji, tena petroli yenyewe ya chupa, imekaa juani barabarani siku ngapi Mungu ndiye ajuaye. Niliofungua wiki iliyopita, pistoni imekwaruzika upande wa ekzosi kama imepigwa tupa. Mwenyewe anaapa kwamba msumeno ni mbovu.

Nne, ndugu wa Wete, nyingi ya hizo "070" zinazouzwa sasa ni nakala. Mteja wangu mmoja aliuziwa dukani, rangi ile ile, umbo lile lile, miezi miwili ringi zimekwisha. Ya baba wa Konde ni nyingine, na hiyo mnayokwenda kununua ni nyingine.

Wa Konde

Na mnazi je? Mnazi mzee hauwezwi na kitu isipokuwa 070.

Fundi, Mjini Unguja

Mnazi ni ugomvi wa cheni, si wa injini. Ugumu wake uko nje, karibu na ganda, na ndani yake mna silika, ni kama unakata mchanga. Cheni butu ukiifunga hata kwenye injini ya lori itatoa moshi badala ya unga. Tembea na tupa, noa kila unapotia mafuta.

Muunda mashua, Mkoani

Mmesahau ubao. Ubao wa inchi moja ni kama milimita 25. Cheni nene ya 070 inakula karibu milimita 9 kila inapopita. Pasua mbao tatu, ya nne imekuwa unga chini. 661 inatumia cheni nyembamba kidogo, lakini msitarajie miujiza. Mataruma ya mtondoo, yaani mbavu za ndani za mashua, nakubali kukatiwa kwa moto. Mbao za ubavuni bado natafuta watu wawili na msumeno wa mkono, mmoja juu mmoja chini. Wanazidi kuwa adimu, na kijana anayekubali kusimama chini unga umwingie machoni simwoni tena.

Wa kamati ya msitu, karibu na Ngezi

Mnabishana juu ya kisu, mbuzi mmemsahau. Kibali kipo kwa mujibu wa Sheria ya Misitu namba 10 ya mwaka 1996, na bado miti inaangushwa usiku. Mkiongeza sharti la bleki, wenye kufuata sheria ndio watakaoingia gharama. Mwizi wa miti hatomwonyesha ofisa ngao ya kipini.

Mwanzisha mada, Wete

Nimesoma yote, na la Micheweni nimelisoma mara mbili. Nilihesabu petroli, vipuri na nauli ya kipuri. Mkono wa mtu sikuuhesabu, kwa sababu katika kikundi chetu sie tunaonunua si sie tunaokata.

Wa Ngezi ana haki kuhusu mwizi, lakini sharti la bleki si la kumkamata mwizi, ni la kumlinda aliyeajiriwa. Kesho napeleka hoja ya 661 ya kabureta ya sukurubu, na chupa ya kupimia oili yenye alama inunuliwe siku hiyo hiyo. Wazee watanuna. Nitawaomba kila mmoja akate gogo moja kwa 070 kabla ya kupiga kura.

Wa Konde

Kwa hiyo hii ya baba niifanye nini?

Mkataji wa kutwa, Micheweni

Iweke ukumbini, ami, ifutwe vumbi. Ukiwa na mti wa kukata nayo niite, nitakuja kukushikia kamba.