Ukurasa wa 312 ndiyo unaniletea PACHA?

Wakuu, salamu baadaye.

Nimemaliza kitabu sasa hivi. Nimekitupa kikagonga ukuta, nikakiokota, nikakitupa tena. Mnakijua. Ndicho hicho kila mtu anakipigia debe: riwaya yake ya kwanza, taharuki ya kisaikolojia, "hutalala". Mwandishi simtaji, mnamjua, na mashabiki wake wamejaa humu.

Kweli sijalala. Hasira.

Haki yake nimpe nisije nikaitwa mchawi. Nusu ya kwanza ni moto. Mke anaamka anakuta vikaratasi vyenye mwandiko wake mwenyewe, na hakumbuki kuandika. Mume mpole mpaka unamwogopa. Dawa za usingizi juu yake, unaanza kujiuliza huyu anayenisimulia ni mzima au ananichezea? Ile sura ya bafuni, kioo kimejaa mvuke, mtu mzima mimi niliwasha taa zote.

Halafu ukurasa wa 312 mlango unafunguka, anaingia PACHA.

Pacha! Mama mzazi hajawahi kumtaja, kwenye picha ya harusi hayumo, hata kwenye ndoto hayumo, na hizo ndoto zimekula robo ya kitabu. Miaka yote kakaa darini, alikuwa anakula nini, popo?

Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, naye mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za hadithi hizo. Ya kumi: usilete pacha kabla hujamwandaa msomaji. 1929! Watu walishachoshwa na mapacha babu yangu hajazaliwa.

Na angalau pacha angekuja na akili. Polisi wanafunga kesi eti alama za vidole "zimelingana". Mapacha wa kufanana hawana alama za vidole zinazolingana! Angesema vinasaba ningemeza kwa shida. Mwandiko nao kila pacha ana wake, na kitabu kizima kimesimama juu ya huo mwandiko!

Akishaingia, anaketi, anaeleza. Sura nzima anaeleza. Mwenzake kafungwa kamba kwenye kiti anamhoji kama mtangazaji: "Na ule usiku wa mvua ulifanyaje?" Dada, umefungwa kamba!

Mnaosema "ila mwisho umenishtua", hata ukimwagiwa maji usingizini utashtuka. Pacha!!

Kiroboto: Mkuu asante sana, mimi nipo sura ya tisa. Mungu akulipe unachostahili.

Mleta uzi: Nimekuokoa.

Jicho la Tatu: Hapo kwenye popo nimecheka. Ila dalili zilikuwepo, sura ya nne jirani anamsalimia mke mara mbili asubuhi moja. Umesoma kwa kurukaruka.

Mleta uzi: Yule bibi kikongwe anasalimia hadi miti! Hiyo ndiyo dalili?

Sina Mpinzani: Povu lote hili la nini? Andika chako tukione.

Mleta uzi: Nitaandika. Hakitakuwa na pacha.

Bundi: Pacha hanisumbui, wa kwangu ni yule daktari. Siri za mgonjwa anamwagia mume palepale mlangoni. Na hawa waandishi wamechosha, kila mwenye ugonjwa wa akili lazima awe na kisu. Kwenye maisha halisi hao ndio wanaofanyiwa ukatili zaidi kuliko wanavyoufanya.

Kiroboto: Kumbe daktari naye? Jamani niacheni nisome!

Masikio Mawili: Afadhali nyie. Mimi nimesikiliza toleo la sauti. Msomaji ana sauti moja kwa mke, mume, polisi na pacha. Nimejua kuna pacha leo kwenye uzi huu.

Sina Mpinzani: 😂😂😂

Jicho la Tatu: Wa toleo la sauti hamjasoma kitabu, msijihesabu.

Masikio Mawili: Wewe uliyesoma kwa macho umepata nini? Dalili ya jirani?

Bundi: Mada hiyo ifunguliwe uzi wake. Na wanaoazima vitabu hawarudishi nao wawekwe humo humo.

Hajalipa: Wanaokunja kona za kurasa je?

Sina Mpinzani: Mimi nakunja. Na mstari wa kalamu napiga. Njoo unikamate.

Hajalipa: KALAMU???