Mahabusu kuonyeshwa sura kwenye televisheni kabla ya hukumu: ni sawa?

Wadau, salaam. Kila tukigusa athari za televisheni hapa Uganda, lawama zinaangukia tamthilia za kigeni na filamu za vibandani zinazotafsiriwa na mavijei, wale wanaosimulia filamu kwa lugha zetu. Mimi naona tunamkaba asiyehusika. Kinachotubadilisha zaidi ni habari za jioni.

Picha yenyewe mnaijua. Vijana watano wamekaa chini uani kwa polisi, peku, bila mikanda, mbele yao zimepangwa simu, betri za gari na panga moja. Afande anaeleza walivyonaswa. Mwandishi anamsogezea mmoja kipaza sauti: "Ulianza kuiba lini?" Hamuulizi kama aliiba. Kijana akiinama, anainuliwa kidevu ili kamera ipate sura. Kwa muuza chapati watu wanacheka, na hukumu imeshatoka.

Katiba ya 1995, ibara ya 28, inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Huku kwetu Busia kuna fundi pikipiki aliyeonyeshwa hivyo kwa kesi ya betri. Mashahidi hawakutokea, kesi ikafutwa. Hilo hakuna aliyelitangaza. Mpaka leo mteja akimletea pikipiki haondoki, anasimama pale pale kuilinda.

Nasema nyuso zifunikwe mpaka mahakama iamue. Mnasemaje?

Mchangiaji, Arua: Napinga. Ndugu yangu, unaishi Uganda ipi? Bila kamera mtu analala ndani usiku mmoja, asubuhi "wamemalizana" na unamkuta stendi. Kamera ndiyo ushahidi wetu kwamba alikamatwa. Mimi spika yangu niliiona kwenye habari, ile yenye gundi nyekundu, nikaenda kituoni nikaichukua.

Mchangiaji, Bombo: Septemba 2017 wabunge walipigana ukumbini juu ya kuondoa kikomo cha umri wa rais. UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, eti yanachochea watu. Yaani mheshimiwa anayerusha kiti anakingwa asionwe na kamera, mwizi wa kuku anainuliwa kidevu!

Mleta mada: Wa Bombo, umenimalizia kazi. Kama serikali inakubali picha huwasha watu, ikubali pia kwamba inaweza kumuua huyu kijana, maana mitaani kwetu mtu akipigiwa kelele za "mwizi!" polisi hufika wameshamaliza naye. Wa Arua, hoja yako ni nzito na rushwa ipo. Lakini kilichokupeleka kituoni ni spika, si uso wa mtu. Vitu waonyeshe hata saa nzima. Na hilo la kumalizana, watangaze namba ya faili na jina la afande anayelishika. Tumfuatilie huyo.

Mchangiaji, Arua: Afande akubali kutajwa jina hewani? Haya, tusubiri.

Mchangiaji, Masindi: Wanangu, mnaongea kama kwamba mahakama zina haraka. Watu wanakaa rumande miaka. Sasa aliyenajisi mtoto tumfunike uso muda wote huo? Wazazi wengine watajuaje kwamba ndiye yule yule, wajitokeze?

Mleta mada: Mama, hapo umenibana. Kesi za namna hiyo polisi waombe ruhusa kwa hakimu. Katiba inawataka wamfikishe mtu mahakamani ndani ya saa 48, basi waombe siku hiyo hiyo. Aamue hakimu, si mpiga picha anayetafuta habari ya saa moja. Ila wa kuku na wa betri je?

Mchangiaji, Masindi: Wa kuku mfunikeni. Wa betri ngoja kwanza, mimi wameniibia mbili za sola.