Je, istilahi za ikolojia ya bahari zinaweza kufundishwa kwa mifano ya Ziwa Tanganyika?

Mwalimu wa Ujiji

Habari zenu, wanajukwaa. Ninasimamia klabu ya sayansi katika shule moja ya sekondari hapa Kigoma, na muhula huu tumechagua kujifunza istilahi za mwanzo za baiolojia ya bahari: planktoni, nektoni, benthosi, ukanda wa mwanga, mnyororo wa chakula, kupwa na kujaa, matumbawe na nyinginezo. Wanafunzi wangu karibu wote hawajawahi kuiona bahari, ingawa wengi wamekulia Kibirizi na Katonga na wanalijua ziwa kuliko ninavyolijua mimi. Ningependa kuanzia kwenye kile wanachokiona kila siku, lakini ninahofia wasije wakaamini kwamba bahari ni Ziwa Tanganyika lililotiwa chumvi. Ni istilahi zipi ninazoweza kuzifundisha kwa mifano ya ziwa bila kuwapotosha, na ni zipi ambazo mifano hiyo haizifai kabisa?

Mkaguzi wa Maji

Mwalimu, swali lako ni zuri, na jibu linategemea kila istilahi imejengwa juu ya nini. Zile zinazoeleza namna kiumbe anavyoishi ndani ya maji zinahama kutoka bahari hadi ziwa bila taabu. Planktoni ni viumbe wanaochukuliwa na mkondo kwa sababu hawana nguvu ya kushindana nao. Nektoni ni wale wanaoogelea wanakotaka. Benthosi ni wale wanaoishi juu ya sakafu ya maji au ndani ya tope lake. Kwa hiyo migebuka ni nektoni, kaa na konokono wa ziwani ni benthosi, na vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, ni fitoplanktoni. Wasisitizie wanafunzi kwamba kigezo cha planktoni si udogo, kwani yavuyavu wa baharini, yule mnyama mwenye mwili laini kama jeli, anaweza kuzidi upana wa mita 1 na bado akahesabiwa kuwa planktoni. (Mabango mengi ya darasani huchora vidudu vidogo tu, nami siyapendi kwa sababu hiyo.) Bahati nzuri, Tanganyika nalo lina yavuyavu wake, mwenye upana wa sentimita 2 hivi, kwa hiyo mfano mnao hapo hapo.

Mnyororo wa chakula nao unafundishika vizuri sana. Fitoplanktoni huliwa na kopepodi, ambao ni jamaa wadogo wa kamba. Kopepodi huliwa na dagaa. Dagaa huliwa na migebuka. Katika Bahari ya Hindi majina ya walaji wa juu hubadilika, akaingia jodari mahali pa migebuka, lakini mpangilio ni ule ule.

Pa kuwa mwangalifu ni kwenye kina. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na hakuna ziwa linalolizidi duniani isipokuwa Baikal la Urusi. Hata hivyo, oksijeni hupatikana katika tabaka la juu tu, yaani hadi mita 100 hivi upande wa kaskazini na takriban mita 200 upande wa kusini, na chini ya hapo samaki hawaishi; waliopo ni bakteria wasiohitaji oksijeni. Mwanafunzi akichukua picha hiyo akaipeleka baharini, atakosea vibaya. Wastani wa kina cha bahari ni takriban mita 3,700, na ingawa mwanga wa kutosha usanisinuru hauvuki mita 200, wanyama wapo hadi sakafuni. Sababu ni kwamba karibu na ncha za dunia maji ya juu hupoa sana, huwa mazito, kisha huzama na oksijeni yake na kusambaa polepole chini ya bahari zote. Ziwa letu la kitropiki halina majira ya baridi kali ya kuyazamisha maji ya juu, kwa hiyo tabaka lenye joto hukaa juu ya tabaka baridi mwaka mzima na maji ya chini kabisa hayachanganyiki nayo. Ukanda wa mwanga, basi, ufundishe kwa ziwa. Ukanda wa giza ufundishe kwa bahari yenyewe.

Mama Dagaa, Kibirizi

Mwalimu, mimi si mtaalamu, ila nimeuza dagaa kwa miaka mingi na ninaweza kuongeza jambo moja ambalo watoto wa wavuvi watalielewa mara moja. Wavuvi wetu huingia ziwani usiku wa giza wakiwa na karabai, na siku hizi taa za sola, na mbalamwezi ikikomaa wengi hupumzika kwa sababu mwanga wa taa haukusanyi tena samaki. Waulize wanafunzi kwa nini dagaa hupatikana juu usiku, wakati mchana hawaonekani.

Mkaguzi wa Maji

Mama, ahsante, hilo linatupeleka kwenye istilahi ambayo Mwalimu hakuitaja: uhamaji wa wima wa kila siku. Zuplanktoni, yaani planktoni walio wanyama kama kopepodi, hushuka mchana kujificha gizani wasionwe na wanaowala, na usiku hupanda kula karibu na uso wa maji, nao dagaa huwafuata. Baharini jambo hilo hilo hutendeka kila usiku kwa wingi usio na mfano.

Pepo za kusi pia zisisahaulike. Kati ya Mei na Septemba husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini mwa ziwa, na upande wa kusini maji ya chini yenye virutubisho hupanda. Katika pwani ya Somalia kusi hupandisha maji baridi kwa namna inayofanana na hiyo, na samaki huongezeka.

Mdigo wa Tabora

Nimekulia Tanga, sasa ninafanya kazi Tabora. Kupwa na kujaa usijaribu kukufundisha kwa ziwa, Mwalimu. Ziwa hupanda na kushuka kwa mvua na ukame, ilhali bahari huvutwa na mwezi na jua, hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kwenye pwani yetu huzidi mita 3. Viumbe wa eneo hilo huishi saa kadhaa majini na saa kadhaa juani, na hakuna kiumbe wa Kigoma anayeishi hivyo. Matumbawe, mikoko na nyasi za bahari anazokula nguva vyote ni vya maji ya chumvi, nalo Tanganyika lina chini ya gramu 1 ya chumvi kwa lita wakati bahari ina takriban 35. Tumia picha tu.

Mwalimu wa Ujiji

Ninawashukuru sana. Mwanafunzi mmoja anadai kwamba kuwapo kwa yavuyavu ni ushahidi kwamba ziwa liliwahi kuwa sehemu ya bahari. Nimjibu nini?

Mkaguzi wa Maji

Mwambie kwamba mwanasayansi wa Uingereza, J. E. S. Moore, aliamini hivyo hivyo mwishoni mwa karne ya 19, akivutiwa zaidi na konokono wa ziwa wenye magamba mazito kama ya baharini. Dai hilo lilikataliwa baadaye. Ziwa lilitokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa mamilioni ya miaka iliyopita, yavuyavu wa maji baridi wapo katika mabara mengine pia, na unene wa yale magamba unaelezwa vizuri zaidi na kaa wa ziwani wanaovunja konokono ili wawale.