Msimbo wa QR kwenye karatasi ya kura unabeba nini hasa?

MamaZuu_Atlanta: Wakuu, habari zenu. Huku jimbo la Georgia, Marekani, tunachagua kwenye skrini, printa inatoa karatasi yenye majina, na juu yake msimbo wa QR. Skana inahesabu ule msimbo, mimi naweza kusoma majina tu. Mle kuna nini, na kura zote zile zinaeneaje?

fundi_biti: Dada, si lazima kuandika majina. Mashine zikiwa na orodha moja ya wagombea, kila mmoja unampa biti yake, yaani tarakimu moja tu: 1 kachaguliwa, 0 hapana. Biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo wagombea 80 ni baiti 10. QR ndogo kabisa, miraba 21 kwa 21, inabeba baiti 11 huku ikiweza kurekebisha kama robo ya data ikichafuka. Kinachonenepesha ni saini ya kidijitali, yaani muhuri wa kompyuta unaoonyesha data imetoka kwa nani: ya Ed25519, aina moja ya saini hizo, peke yake ni baiti 64, inaizidi kura yenyewe!

MamaZuu_Atlanta: Kwa hiyo saini ikikubali, kura yangu iko salama?

fundi_biti: Wapi! Saini inathibitisha mashine ndiyo iliyoandika, si kwamba imeandika ulichotaka.

babu_kidijitali: Ndiyo maana jimbo la Colorado walitangaza kuacha misimbo ya QR kwenye kura mwaka 2019. Na hapo kwako, mwanangu, sheria ya 2024 iliweka 1 Julai 2026 kuwa mwisho wa kuhesabu kwa QR. Kwenye uhesabuji wa mkono wa 2020, karatasi kama milioni 5, watu walisoma majina. Yasome kabla hujaiingiza kwenye skana.