Ndani ya kamera naona ukungu, picha zinatoka safi. Ni lenzi au ni macho yangu?

Picha za Arua:
Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mpiga picha hapa Arua: harusi, ubatizo, mahafali, picha za pasipoti. Nina miaka 48. Kamera yangu ni Canon 700D niliyoinunua kwa mtu miaka saba iliyopita, na ndiyo iliyosomesha wanangu, kwa hiyo mnivumilie nikieleza kwa urefu.

Tangu mwaka jana, nikiweka jicho kwenye kile kitundu cha kuchungulia naona kama kuna mvuke. Nambari za chini nazikisia tu. Nikipiga kwa otofokasi, yaani kamera ikijilenga yenyewe, picha zinatoka safi. Shida ni kanisani jioni. Mwanga ukipungua lenzi inahangaika mbele na nyuma bila kushika, nami huzima otofokasi na kuzungusha kwa mkono kama nilivyozoea. Juzi pale kanisa la Ediofe nilipiga maharusi wakivishana pete, picha kumi na moja, nikiamini kabisa nimezipata. Kuzifungua kwenye kompyuta, mishumaa ya nyuma ndiyo iliyo safi, nyuso zao ukungu. Pete huvishwa mara moja. Nimerudisha sehemu ya malipo, lakini bado namwona mama wa bibi harusi alivyokuwa akifungua picha moja moja bila kusema neno.

Nina miwani ya kusomea ya +2 niliyonunua sokoni. Nikiivaa, ndani ya kitundu panakuwa afadhali, ila pembe za picha zinakatika. Nikitoa jicho kutazama watu, kanisa zima linakuwa ukungu. Basi navaa, navua, navaa, na tukio limeshapita. Bila miwani mbali naona vizuri, hata nambari ya boda iliyo ng'ambo ya barabara naisoma.

Fundi mmoja amesema lenzi imechoka, nitoe laki tatu na nusu. Naombeni ushauri kabla sijazitoa.

Kijana wa Mukono:
Mzee pole sana. Umesafisha lenzi? Ya kwangu ilipata ukungu wa ndani msimu wa mvua, vile vijinyuzi vya kuvu, na kila kitu kikawa na mvuke hivyo hivyo.

Picha za Arua:
Nimesafisha, kijana wangu, na nimeimulika kwa tochi, kioo ni safi. Nimejaribu na lenzi ya rafiki yangu pia. Mvuke uko pale pale.

Mama Studio, Jinja:
Kaka, usitoe hata shilingi moja. Ukungu ungekuwa kwenye lenzi, ungeuona kwenye picha. Otofokasi haitumii jicho lako wala kile kitundu, ina njia yake ndani ya mwili wa kamera. Kama inakupa picha safi, lenzi ni nzima. Na umebadilisha lenzi, mvuke haukubadilika. Kinachobaki ni kitundu na jicho.

Sasa tazama pembeni ya kile kitundu, upande wa juu kulia, karibu na kile kipira cha kuegeshea jicho. Kuna kijigurudumu kidogo chenye meno, wengi wanakaa na kamera miaka kumi bila kukigusa. Kile ndicho kinachopatanisha kitundu na jicho la mwenye kamera. Kipimo chake kinaitwa dayopta, ndicho hicho hicho cha miwani yako, ile +2. Kwenye 700D kinatoka takriban −3 hadi +1.

Nikueleze kwa nini nadhani kimeharibiwa mpangilio. Unapochungulia hutazami kitu kilicho sentimita mbili mbele ya jicho. Vioo vya ndani vinaisogeza picha ile, na kwa kawaida kiwandani huiweka kama iko mita moja hivi mbele yako. Mtu wa umri wetu anayeona mbali vizuri, akivaa miwani ya kusomea ya +2 na kuchungulia kitundu kilichowekwa hivyo, angeona vibaya zaidi, maana miwani ile ni ya kitabu, ya sentimita arobaini au hamsini. Wewe unasema inakusaidia. Maana yake picha ya ndani iko karibu mno, karibu kama kitabu. Kijigurudumu chako kimesukumwa sana upande wa minus. Aliyekuuzia huenda alikuwa haoni mbali, akakiweka kwa macho yake, nawe hukujua.

Utauliza mbona miaka ya kwanza uliona. Ulikuwa na 41. Jicho la umri ule bado linajikaza lenyewe na kuvuta kitu cha karibu, hata wewe usijue linafanya kazi. Kufikia 48 nguvu ile imeisha sehemu kubwa. Kamera iko vile vile. Jicho ndilo limeacha kukubebea mzigo wa yule wa kwanza.

Namna ya kurekebisha: toa kifuniko cha lenzi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au anga, mbali na jua. Bonyeza kitufe cha kupigia nusu ili nambari ziwake. Usitazame ukuta, usitazame mti, tazama nambari na vile vialama vya fokasi tu. Kama ukitazama mti utachanganya fokasi ya lenzi na fokasi ya jicho lako, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Zungusha kijigurudumu chote hadi mwisho wa upande wa +, halafu rudi polepole kuelekea minus. Nambari zikitakata kwa mara ya kwanza, simama hapo hapo. Usiendelee, kwa sababu jicho litaanza kujikaza tena na litakudanganya kuwa bado ni sawa, kisha saa mbili baadaye kichwa kinauma. Na tumia jicho unalopigia. Macho mawili ya mtu mmoja hayalingani.

Mabamba Ndege:
Mama Studio amemaliza, mimi naongeza la bwawani. Napeleka wageni Mabamba kwa mtumbwi kumtafuta korongo-nyangumi. Yule ndege anasimama ndani ya mafunjo, na otofokasi inanasa majani yaliyo mbele yake badala ya jicho lake. Lazima uzungushe kwa mkono, na ukikosea kidogo umepata mafunjo mazuri na ndege wa moshi. Siku moja mgeni wa umri wa kama miaka sitini alikaa kwenye mtumbwi karibu analia, amesafiri kutoka mbali na haoni kitu ndani ya kamera yake. Nilimwonyesha kijigurudumu hicho. Alinishika mkono akashindwa kusema.

Kwa kamera zisizo na kioo cha kupindua, zenye skrini ndogo ndani ya kitundu, mambo ni hayo hayo. Ila nyingine zina nafasi kubwa zaidi, Sony A6000 kwa mfano inatoka −4 hadi +3.

Binti wa Bombo:
Samahani naingilia uzi wa mzee. Mimi sioni mbali, miwani yangu ni −5 na nina astigimatizimu. Kijigurudumu nimekizungusha hadi mwisho, bado. Nifanyeje?

Mama Studio, Jinja:
Mwanangu, kwako kijigurudumu hakifiki. Na hata kingefika, hakiwezi kurekebisha astigimatizimu, maana pale jicho halijapinda sawa pande zote, linataka kioo kilichochongwa kwa mwelekeo wake. Piga picha ukiwa na miwani yako. Ukiwa umeivaa, weka kijigurudumu kwa njia ile ile niliyoeleza, mara nyingi kitatua karibu na katikati. Pembe zitakatika kidogo. Kwenye 700D jicho linatakiwa kuwa kama milimita 19 kutoka kwenye kioo cha kitundu ili lione picha yote, na miwani inakula sehemu ya nafasi hiyo. Chagua fremu inayokaa karibu na uso. Pia hakikisha kile kipira hakijaisha, kikichakaa plastiki ngumu itakuchania vioo vya miwani. Lenzi za kugusa jicho, kama unaziweza na una dawa yake maalumu ya kuzitunza, si maji, zinamaliza kabisa tatizo la pembe.

Kuna pia vioo vidogo vya nyongeza vya kuchomeka nyuma ya kitundu, Canon walitengeneza vya −4 hadi +3. Enzi za filamu ndiyo njia tuliyokuwa nayo. Nikon FM2 niliyoanzia kazi haikuwa na kijigurudumu chochote, ulikuwa unafunga kioo cha jicho lako kama kizibo.

Binti wa Bombo:
Ahsante sana mama. Nilikuwa navua miwani kila mara nikidhani ndivyo inavyotakiwa.

Nesi wa Macho, Mbarara:
Naomba kusema neno kwa Picha za Arua, na nalisema kwa heshima. Kutoona karibu baada ya arobaini ni kawaida ya mwili. Lakini miwani ya sokoni haikupimwa na mtu, na kioo cha kushoto na cha kulia ni sawa sawa hata kama macho yako si sawa. Nenda upimwe, uliza na presha ya macho, kwa sababu ile haiumi na haina dalili mwanzoni, inakula uwezo wa kuona pembeni kimya kimya. Sukari nayo ikipanda na kushuka, uwezo wa kuona unabadilika siku hadi siku. Kama utajikuta unazungusha kijigurudumu mara kwa mara kwa wiki, leo hapa kesho pale, usiendelee kuzungusha. Pima sukari. Anzia hospitali ya rufaa hapo kwenu Arua. Ukipewa barua ya kuja mbali, kuna kitengo cha macho Mengo kule Kampala, na Ruharo kwetu hapa.

Picha za Arua:
Ndugu zangu, nimerudi.

Kijigurudumu kilikuwa mwisho kabisa wa minus. Mwisho, hakikubaki hata jino moja. Nilifanya kama dada wa Jinja alivyosema, nikatazama ukuta wa jirani, nambari zikaja zenyewe moja moja. Nilikaa kwenye kiti. Miaka saba!

Hospitali nimekwenda. Sukari sawa, presha ya macho sawa. Jicho la kulia lina astigimatizimu kidogo, wameniandikia miwani, lakini daktari amesema kwa kiasi hicho naweza kuendelea kupiga bila kuivaa. Fundi nimemwambia lenzi haitengenezwi.

Swali la mwisho. Kanisani gizani, hata nikiona vizuri, nitajuaje kwamba fokasi ya mkono imeshika?

Mama Studio, Jinja:
Alhamdulillahi, kaka, nimefurahi sana. Hata kitundu kikiwa safi, kwenye lenzi inayofunguka sana kama ile ya 1.8 usikiamini peke yake, kioo cha ndani hakionyeshi ule wembamba wote wa fokasi. Ukiwa umezima otofokasi, endelea kushika kitufe nusu huku unazungusha. Alama uliyochagua itawaka na kile kidoa cha chini ndani ya kitundu kitawaka bila kuzima, ndipo upige. Ukiwa na muda na kamera iko juu ya miguu mitatu, washa skrini ya nyuma, kuza mara kumi kwenye jicho la bibi harusi, zungusha hapo.

Mabamba Ndege:
Na kijigurudumu hicho husukumwa na begi. Mimi nimebandika kipande cha utepe mweusi juu yake, na kila asubuhi kabla ya kupanda mtumbwi natazama nambari kwanza.

Picha za Arua:
Utepe ninao. Nabandika sasa hivi, Jumamosi nina harusi nyingine.